Maji ya mgao na majani yasiyoliwa

Jirani yangu alisimama getini na ndoo mbili tupu, akawa ananiangalia namwagilia.

Ilikuwa ile wiki ambayo bomba la mtaa wetu halikutoa hata tone, watu wa Tabata mnaijua, ile wiki ambayo ukisikia boza linapita unatoka mbio hata kama umejipaka sabuni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na keni mkononi, nimeinama kwenye majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo maua yako yanazaa nini?"

"Hayazai mama, ni ya majani tu."

"Yanaliwa?"

"Hapana, haya hayaliwi."

Akatikisa kichwa taratibu, sio kwa ubaya, huyu mama ananipenda tangu tumehamia na ndiye aliyenionyesha wapi pa kununua samaki. Nikachukua ndoo zake nikazijaza kwenye simtanki letu, akashukuru, akajitwisha moja na nyingine akaishika mkononi, akaenda.

Lakini swali lake likabaki.

Mji hauna maji na mimi namwagilia majani yasiyoliwa. Nililala nalo, nikaamka nalo, na wiki zilizofuata kila nikishika keni nilikuwa naliona lile swali limesimama getini. Kuna siku niliiacha bustani mpaka kalathea ikaanza kujikunja pembeni, kwa sababu sikuwa na jibu la kujipa mwenyewe, achilia mbali la kumpa yeye.

Hii makala ni safari ya kulitafuta lile jibu. Ni ndefu kidogo, tuvumiliane.

Kivuli kina wenyewe

Mwembe wa pale nyuma ni wa zamani kuliko nyumba yenyewe. Jua linapenya asubuhi kidogo tu, alafu basi mpaka kesho. Nyasi hazishiki, mchicha unarefuka unatafuta mwanga alafu unaanguka, bamia hazibebi. Waliokaa hapa kabla yetu walipaacha uwanja mtupu, panafagiliwa kila asubuhi kwa chelewa, panabaki mchanga mweupe wenye mistari ya ufagio.

Ukitafuta mtandaoni habari za bustani ya kivuli unaletewa hosta. Kila video hosta, majani mazuri kweli, mengine ya kijani cha bluu, mengine yana ukingo mweupe, na watu wa Marekani na Uingereza wanaipenda mno. Lakini hosta asili yake ni Japani, China na Korea, inahitaji miezi ya baridi kali ili ilale ndio iamke na nguvu, na sisi Julai yetu mtu anavaa sweta alfajiri saa nne ameshalivua. Hosta sio ya kwetu, tuiache huko iliko.

Kivuli cha pwani kina wenyewe. Kuna magimbi, haya haya tunayopika kwa nazi, ambayo jani lake tu ni pambo tosha. Kuna ndugu zake alokasia, wenye mishipa mieupe inayokaribia kung'aa. Kuna kaladiamu, jani jembamba sana, jekundu katikati na kijani pembeni, ambalo ukilishika kwa nguvu linachanika. Kuna kangaga za kila aina, zile zinazoning'inizwa kwenye baraza na zile zinazokaa chini. Kuna aglaonema, ambayo ukienda kwenye vitalu vya kando ya barabara kuanzia Mwenge mpaka Tegeta huwezi kuikosa. Na kuna kalathea, ambayo ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa majani.

Kalathea jioni inainua majani yake. Siku ya kwanza nilidhani naona vibaya, nilipita saa kumi yamelala bapa, nikapita saa moja usiku yamesimama wima na mgongo wake wa zambarau unaonekana wote. Ukiangalia karibu, pale jani linapoungana na kikonyo chake kuna kifundo kidogo, kimevimba kidogo tu, kina rangi tofauti na kikonyo. Ndani ya kile kifundo maji yanahama, upande mmoja unajaa na wa pili unalegea, jani linapanda, na asubuhi yanarudi linashuka. Hakuna musuli, hakuna nini, ni maji tu yanahama kutoka chumba kimoja kwenda cha pili.

Sasa mtu ukishaona hivo, kuacha inakuwa ngumu.

Mvua tunayo

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya lile swali ni kutaka kujua kama kweli Dar es Salaam ni mji mkavu. Nikashangaa. Dar inapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. London, mji ambao kila mtu anauhesabu kuwa wa mvua, inapata kama milimita 600. Yani sisi ndio tunanyeshewa zaidi, na bado wao ndio wana zile bustani zenye unyevu mwaka mzima.

Tofauti ni jinsi inavyokuja na inakoenda. Kule inadondoka kidogo kidogo miezi yote, na baridi inaifanya isikauke haraka. Kwetu inakuja masika, Machi mpaka Mei, kwa hasira, Jangwani panafungwa, watu wanavushwa kwa mikokoteni, alafu vuli kidogo Oktoba mpaka Disemba, na katikati hapo upepo wa kusi unakausha, na Januari na Februari jua la kaskazi linamalizia. Alafu udongo wenyewe, sehemu kubwa ya mji ni mchanga. Mimina ndoo kwenye mchanga mtupu wa uani alafu chimba baada ya muda, maji yameshapita, yameenda chini ambako mzizi wa kalathea haufiki hata ukiombewa.

Kwa hiyo swali likaanza kubadilika kidogo kichwani. Nilikuwa najiuliza nina haki gani ya kumwaga maji. Nikaanza kujiuliza kwa nini maji hayakai.

Tone kwenye ncha

Kuna asubuhi moja nilitoka kabla jua halijachomoza, sijui hata kilichonitoa, nikakuta majani ya magimbi yanadondosha. Haikuwa imenyesha. Umande nao haukuwepo, kwenye gari hakuna kitu, kwenye kamba ya nguo hakuna kitu. Lakini kila jani la gimbi lina tone moja pale kwenye ncha, linavimba, linang'ang'ania, linaachia, alafu lingine linaanza kujitunga.

Nikakaa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaangalia muda mrefu.

Magimbi usiku yanafanya hivo. Mizizi inaendelea kuvuta maji, na kwa kuwa hewa ya usiku imejaa unyevu na vitundu vya kupumulia vya majani vimefungwa, maji hayana pa kutokea, yanasukumwa mpaka kwenye vitundu maalumu vya pembeni na kwenye ncha ya jani, yanatoka yakiwa tone zima. Lakini hii inatokea kama udongo chini una maji ya kutosha. Udongo ukikauka, hakuna tone.

Kumbe mmea wenyewe unasema. Asubuhi lile tone likiwepo, keni inakaa chini. Lisipokuwepo siku kadhaa, naingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, nikikuta pakavu ndio namwagilia. Ratiba ya kumwagilia kila siku jioni, ambayo ndiyo kila mtu anakwambia kwenye vitalu, niliiweka pembeni, na maji niliyokuwa natumia yakapungua sana bila jani hata moja kulalamika.

Hapo nilianza kupata nguvu kidogo. Lakini bado halikuwa jibu, ilikuwa kupunguza tu.

Chumvi

Kabla sijaendelea niseme kuhusu kisima, maana najua kuna mtu anawaza "si utumie maji ya kisima tu".

Visima vingi vya Dar vina chumvi, tunajua wote, chai yake haina raha na sabuni haitoi povu. Mnazi hauna shida nayo. Magimbi yanavumilia kiasi. Lakini kalathea na kangaga wanaandika malalamiko kwenye majani: ukingo unaanza kuwa kahawia, mkavu, mstari mwembamba kabisa pembeni, alafu unatanuka kuja katikati. Watu wengi wakiona hivo wanadhani ni kiu wanaongeza maji, na maji yale yale ndiyo yanaleta chumvi zaidi, inabaki kwenye udongo kila maji yanapokauka.

Dawa niliyoipata iko kwenye duka la dawa la hapa jirani. Lina AC inayounguruma kutwa, na kile kibomba chake kinadondosha nje ukutani, miaka yote kilikuwa kinalowesha simenti tu. Maji ya AC ni unyevu wa hewa uliogeuka matone kwenye vyuma vya baridi, hayajapita ardhini, hayana chumvi. Usiyanywe, lakini kwa kangaga ni mazuri mno. Nikamwomba yule dada wa dukani niwe naweka dumu, akacheka, akasema weka. Siku za joto, hewa ya Dar ikiwa nzito ile ya Februari, dumu la lita 20 linakuja limejaa vizuri tu.

Alafu kuna maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo ile mara ya mwisho ambayo haina sabuni. Nyumba ya watu watano inamwaga maji mengi sana safi kwenye karo. Ya sabuni nayo siyatupi, yanaenda kwenye mgomba ulioko pembeni, huo hauchagui.

Ikafika mahali maji ya bomba hayagusi bustani kabisa ikiwa sio kiangazi kikali.

Na bado.

Bado nilikuwa naona najitetea. Mtu asiyekuwa na deni hajitetei kiasi hiki.

Morogoro

Kilichonigeuza ni safari ya Morogoro, ambayo haikuhusu maua kabisa, tulienda msiba. Tulipanda ile treni ya umeme, tukazika, na kesho yake binamu yangu akasema twendeni tukapande Morningside tupunguze mawazo. Ile nyumba ya enzi za Wajerumani iliyoko juu ya mji, kwenye mteremko wa Uluguru.

Tumepanda, tumepita mashamba ya watu, migomba, mboga zimepangwa kwenye matuta mteremkoni, tunatoka jasho, na ilikuwa kiangazi, vumbi njia nzima. Juu zaidi msitu unaanza. Ukiingia ndani hatua kadhaa tu hewa inabadilika, unaisikia kwenye ngozi ya mikono.

Nikaangalia chini.

Chini kulikuwa na bustani yangu. Kangaga, majani mapana, begonia za porini zimeshika kwenye mwamba, mimea yote ile ambayo nailinda na kuibembeleza Tabata, imejaa, hakuna anayemwagilia. Nikachuchumaa nikaingiza mkono kwenye majani makavu. Juu ni makavu kweli, yanavunjika. Chini kidogo yamelainika. Chini zaidi hayana umbo tena, ni meusi, yana uzi mweupe wa ukungu, na yamelowa. Ukikamua kwenye kiganja maji yanatoka. Kiangazi! Hiyo tabaka nzima ilikuwa laini, unakanyaga inabonyea na kurudi, godoro la majani lililonywa masika na linaachia taratibu.

Na pembeni pale kijito kinapita.

Binamu yangu ni mtu wa pale, akawa ananionyesha kwa mkono. Vijito hivi vinaingia mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu. Na upande wa pili wa mlima, ule wa mashariki unaotazama bahari, ambako mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, ndiko Ruvu wenyewe unakoanzia. Na Ruvu ndio tunaokunywa Dar es Salaam. Oktoba 2022, vuli ilipochelewa na Ruvu ukashuka, mji mzima uliingia kwenye mgao, nadhani hakuna aliyesahau.

Nilinyamaza njia nzima ya kushuka, binamu akadhani ni msiba.

Yale maji kwenye ndoo za jirani yangu yalishakaa chini ya majani kama haya. Mvua ya masika ingeanguka kwenye mlima uliofagiliwa ingeshuka yote kwa siku chache, ikaenda na udongo, na Septemba pangekuwa hakuna cha kusukuma kwenye bomba. Kinachofanya mto uwe na maji wakati hakuna mvua ni kivuli, na majani yaliyooza chini ya kivuli, na mimea midogo ya majani mapana inayolifunika lile tabaka jua lisiliguse. Majani yasiyoliwa.

Ufagio

Nikarudi nyumbani nikautazama uwanja wetu kwa macho mengine.

Mwembe unaangusha majani kila siku ya Mungu, na kila siku yalikuwa yanafagiliwa, yanakusanywa, jioni yanachomwa, mtaa mzima moshi. Alafu mimi naenda kununua gunia la mboji barabarani.

Kuacha kufagia chini ya mwembe kulileta mazungumzo marefu nyumbani kuliko jambo lolote tangu kuhamia. Shangazi yangu, ambaye anakaa na sisi, kwake uwanja uliofagiliwa ndio heshima ya nyumba, mgeni akikuta majani uani anajua ndani kuna uvivu. Na anayo hoja nyingine nzito, nyoka. Uwanja mweupe unaona kinachopita. Sikuweza kumwambia hilo ni la uongo kwa sababu sio la uongo.

Tulikubaliana hivi. Kuanzia mlangoni mpaka kisima cha zamani na njia ya kwenda kwenye kamba za nguo panafagiliwa, peupe, kama anavyotaka yeye. Kuanzia shina la mwembe mpaka ukutani ni pangu, na katikati kuna mstari wa matofali. Usiku hakuna mtu anapita upande wangu bila tochi. Watoto ni marufuku, na hili sio kwa ajili ya nyoka peke yake: utomvu wa alokasia, kaladiamu na hata jani bichi la gimbi unawasha vibaya sana mdomoni, una vichembe vyenye ncha kali visivyoonekana kwa macho, ndio maana magimbi lazima yaive sawasawa. Mwenye mtoto anayetambaa asipande haya chini, aning'inize kangaga tu atulie.

Majani ya mwembe ni magumu, yanachukua muda kuoza, na yakilala mazima mazima yanapangana yanazuia maji yasipite. Nayakatakata kwa panga kwanza, nachanganya na samadi iliyokaa ikapoa, narudishia chini ya mimea, unene wa kiganja hivi, lakini shina la mmea nalipa nafasi lipumue. Wataalamu wa kilimo wanaita matandazo na wanawafundisha wakulima wa mahindi na nyanya kila siku, ni sisi wa mjini tu ndio tunayachoma. Makumbi ya nazi pia yanafaa sana, wauza nazi sokoni wanakupa bure, ila yaloweke na kumwaga maji yake mara kadhaa kwanza, yanakuja na chumvi yake.

Masika iliyofuata niliona tofauti. Zamani mvua ikikatika, mchana wa kesho mchanga umeshakuwa mweupe. Sasa naingiza kidole wiki nzima baadaye na kinatoka cheusi.

Mbu

Hili ndilo lilinisumbua kuliko nyoka, kwa sababu Dar es Salaam tumezika watu kwa dengue. Mlipuko wa 2014 niliuona kwa karibu, na wa 2019 ukaingia mpaka nyumba ya pili kutoka kwetu. Sehemu yenye kivuli na unyevu karibu na dirisha, kila mtu atakwambia unafuga mbu, na ni lazima nilichukulie kwa uzito.

Udongo wenye unyevu hauzalishi mbu wa dengue, maji yaliyotuama ndiyo yanazalisha, na anapenda maji safi kidogo kidogo kwenye vyombo. Sahani za chini ya vyungu, hizo nimetupa zote. Vyungu vyangu vinakaa juu ya matandazo, maji yakishuka yanashuka. Ndoo na madumu yana vifuniko, hata lile la duka la dawa nimelivisha kitambaa mdomoni.

Lakini kuna mahali ambapo wengi hatupaangalii. Kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinapokumbatia shina, maji ya mvua yanakaa. Mgomba unayo, nanasi linayo, gimbi nalo linayo kidogo, na kuna mbu jamii ya Aedes, ndugu wa huyo wa dengue, kwenye pwani yetu hii ambao wanataga humo humo. Nilipojua hilo nilikaribia kung'oa magimbi yote, nilishika jembe kabisa. Kilichoniokoa ni hesabu ndogo: kutoka yai mpaka mbu mwenye mabawa inachukua kama wiki au zaidi kidogo kwenye joto letu, kwa hiyo ukivuruga maji yale kabla wiki haijaisha, hawafiki. Sasa kipindi cha mvua nayapitia yote kwa kuyainamisha majani ya gimbi maji yamwagike kwenye matandazo, na mgomba nausuuza makwapa kwa mpira. Mananasi niliyagawa, yana makwapa mengi mno, siwezi kuyasimamia.

Kama huna muda wa kufanya hivi kila wiki, panda kangaga na aglaonema uache magimbi. Nasema kwa nia njema kabisa. Bustani inayompa mtoto wa jirani dengue haina utetezi wowote.

Nani anakaa wapi

Mwembe nao unakunywa. Karibu na shina mizizi yake imejaa na inachukua kila kitu, hata matandazo hayasaidii sana, pale pamoja na kivuli chote ni pakavu. Hapo nimeweka ile inayouzwa kwa jina la ZZ, yenye vijani vinene vinavyong'aa. Huu mmea ni wetu, asili yake ni pwani hii ya Afrika Mashariki kushuka mpaka kusini, unatunza maji kwenye viazi vyake chini, Waholanzi ndio waliousambaza duniani kibiashara miaka ya 1990, na sasa tunaununua vitaluni kwa bei ya mgeni.

Katikati, ambapo matone ya mwembe yanadondokea mvua ikinyesha, ndipo penye unyevu zaidi. Magimbi na kalathea wako hapo. Ukutani kangaga, kwa sababu ukuta unakata upepo wa kusi, na upepo unakausha kuliko jua, mkiweza kumbuka moja katika yote niliyoandika mkumbuke hilo. Kaladiamu iko pembezoni. Hiyo Juni mpaka Septemba inapotea kabisa, unadhani imekufa, kumbe imelala kwenye kiazi chake, vuli ikinusa tu inachomoza. Nimeweka kijiti kila palipo na kiazi ili mtu asichimbe.

Kuna mmoja ambao bado sijaupata. Ile Saintpaulia, yenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambayo imekaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani zaidi ya miaka 100. Ilichukuliwa hapa hapa, Tanga, mwaka 1892, na ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire, akaituma kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata ikapewa jina la ukoo wao. Kwao ni kwenye nyufa za miamba, penye kivuli na unyevu. Sijawahi kuiona kwenye kitalu chochote cha barabarani Dar. Inaniuma, na sitaki kwenda kuing'oa msituni maana huko imebaki kidogo. Nasubiri mtu aliyeizalisha kwa jani, inazaa hata kwa jani moja tu.

Pevingi

Mwezi uliopita mwenye nyumba alikuja. Nyumba tatu za mtaa huu zimeshapigwa pevingi ua mzima, kunang'aa, hakuna matope, na yeye anataka na hii ipendeze hivo hivo, gharama zake mwenyewe. Shangazi alifurahi. Mimi moyo ulishuka.

Nilimwomba aje nyuma. Nikamwomba asimame kwanza kwenye pevingi za jirani, saa nane mchana ile, alafu aje asimame chini ya mwembe. Nikachimba kidogo kwa mkono nikamwonyesha udongo. Nikamweleza kwamba masika maji ya paa letu lote yanaingia hapa na yanaishia hapa, hayatoki getini, na kwamba hizo nyumba tatu maji yao yanatoka yote barabarani na ndio maana kona ya chini inajaa siku hizi kuliko zamani, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelilalamikia dakika chache nyuma.

Hakusema sana. Ni mzee wa maneno machache, na mambo ya maua sio yake. Aliuliza kama mizizi ya mwembe itapasua ukuta, nikamwambia ukweli kwamba pevingi ndizo zitakazonyanyuliwa na ile mizizi kwanza. Akazunguka shina, akapapasa jani la alokasia kwa vidole viwili, akauliza bei yake.

Fundi amekuja wiki hii. Anapiga pevingi kutoka getini mpaka mlangoni, na ule upande wa shangazi wa kamba za nguo. Chini ya mwembe ameambiwa asiguse, na mchanga aliouchimba kule mbele nimemwomba aurundike nje, sio kwangu. Kuna gunia la makumbi limelowekwa kwenye beseni tangu Jumapili, na vuli ikianza napasua yale magimbi makubwa ya katikati, yamebanana. Yule mama wa ndoo mbili ameshaniagiza machipukizi, anataka kuyapanda pale nyuma ya bafu lake maji yanapotokea. Anataka ya kula.